Hosteli ya chuo au geto mtaani? Kwa wanaoanza chuo Mbeya na Iringa

Majina ya waliochaguliwa yakishatoka, suala la kozi linakuwa limeisha na linabaki swali la pili: utalala wapi? Anayekuja Mbeya, iwe MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) pale Ikuti au TEKU (Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji) pale Block T, au Iringa, iwe chuo cha Mkwawa au Chuo Kikuu cha Iringa, ana njia kuu mbili. Aombe kitanda kwenye hosteli ya chuo, au atafute chumba cha kupanga mtaani, kile ambacho wanachuo wote wanakiita geto. Wazazi wengi huuliza bei ya kila kimoja wakaishia hapo. Bei ina uzito wake, ila huku Nyanda za Juu Kusini kuna mambo mengine yanayoamua kama mtoto atasoma kwa utulivu au atarudi kufanya supu, yaani mitihani ya marudio, kila mwaka: tarehe ambayo hela inaingia mkononi, baridi, na njia ya kurudi kulala usiku.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Mwaka wa kwanza, ukipata kitanda ndani ya chuo, kichukue hata kama chumba kimebanana. Mwaka wa pili na kuendelea, geto la watu wawili wanaofahamiana, karibu na chuo, linaishinda hosteli kwa wanafunzi wengi, hasa watoto wa wakulima. Nitaeleza kwa nini, kisha upime mwenyewe, maana wapo wanaopaswa kufanya kinyume kabisa.

Hela inatoka lini?

Hosteli ya chuo hulipiwa kwa muhula au kwa mwaka, mara nyingi wakati uleule wa usajili. Ukishalipa umemaliza: kitanda kipo, umeme na maji vimo humohumo. Geto linadai hela nyingi kwa siku moja. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na dalali aliyekuzungusha anataka ya kwake, ambayo kwa kawaida ni sawa na kodi ya mwezi mmoja. Chukua mfano wa chumba cha shilingi 50,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 300,000, dalali 50,000. Umetoa 350,000 na bado hujanunua godoro, pazia, ndoo, sufuria wala jiko.

Sasa weka hesabu hiyo kando ya bumu, yaani hela ya kujikimu ya mkopo wa serikali. Kiwango cha juu cha fedha ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo, tangu mwaka wa masomo 2022/2023, ni shilingi 10,000 kwa siku, nayo hutolewa kwa awamu. Awamu ya siku 60 ni 600,000 kwa aliyepewa kiwango kamili. Kwenye karatasi, geto linalipika. Tatizo ni kwamba bumu la kwanza halikusubiri getini siku unayoshuka na begi. Lazima usajiliwe, taarifa zako za benki zikae sawa, usaini, na hapo katikati wiki zinapita ukila na kupanda bajaji kwa hela ya nyumbani. Anayepanga geto kwa kutegemea bumu la kwanza hujikuta anamwomba baba mwenye nyumba amvumilie, na kuanza kuishi na mtu kwa deni ni kujitafutia presha isiyo ya lazima. Mwaka wa kwanza kodi ya geto itoke nyumbani, au geto lisubiri.

Kuna hela nyingine ambayo watu huisahau, nayo ni ya likizo. Hosteli unailipia kipindi cha masomo. Chuo kikifungwa unafungasha. Geto halijui likizo. Kile chumba cha 50,000 ni 600,000 kwa mwaka mzima, pamoja na ile miezi uliyokuwa nyumbani Makete au Ludewa ukisaidia shambani huku chumba kimefungwa kufuli Iyunga. Ndiyo maana nasisitiza watu wawili. Mkigawana, ni 300,000 kila mmoja kwa mwaka, na hapo ndipo geto linapoanza kuleta maana.

Na wewe unayepokea mkopo, kumbuka ni mkopo kweli. Ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka deni liishe. Spika kubwa na televisheni ya geto mnayoiona kwa wenzenu wa mwaka wa tatu, wengi wao watakuwa wanailipia wakiwa na watoto.

Chakula

Hapa geto lina nguvu ambayo hosteli haiwezi kuifikia, na ningependa wazazi wa mkoani waisome sehemu hii taratibu.

Hosteli nyingi haziruhusu kupika chumbani, na zina sababu nzito: nyaya hazikuwekwa kwa ajili ya jiko la umeme kwenye kila chumba, na moto ukitokea kwenye korido yenye vyumba ishirini hautaki mchezo. Kwa hiyo mwanafunzi wa hosteli anakula kantini au kwa mama lishe, asubuhi, mchana na usiku, kila sahani kwa hela taslimu. Bumu likichelewa, anaanza kuruka mlo, na anayeruka mlo hasomi.

Mikoa hii ndiyo inayolisha nchi. Mchele wa Kyela, ndizi za Tukuyu, viazi mviringo vya Uporoto, maharage ya Mbeya, parachichi za Rungwe. Upande wa Iringa una nyanya za Ilula na mchele wa Pawaga. Ukienda soko la Mwanjelwa, Soweto, au soko kuu la Iringa, unanunua vitu vilivyotoka shambani hivi karibuni, na watu wawili wanaopika pamoja wanakula vizuri kwa hela ambayo mmoja angeimaliza kantini peke yake. Loweka maharage usiku, asubuhi mwaga yale maji, yachemshe mengi kwa mara moja; mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 utakaa nawe muda mrefu kuliko unavyodhani.

Lakini jambo kubwa zaidi ni hili. Vyuo vinafunguliwa Oktoba na Novemba, wakati mvua za kwanza zinakaribia na mzazi mkulima wa Mbozi, Mufindi au Njombe ameshaingiza hela yake yote kwenye mbolea na mbegu. Mfukoni hana kitu. Ila ghalani ana mahindi. Mtoto akiwa geto, mzazi anaweza kusaga gunia, akaongeza debe la maharage na ndoo ya mafuta ya alizeti, akapakia kwenye basi, na mtoto akaupokea mzigo stendi bila noti yoyote kupita katikati. Hosteli haina pa kuweka gunia. Geto linamruhusu mkulima amsomeshe mtoto kwa mazao, na kwa familia nyingi hiyo ndiyo tofauti kati ya kumaliza mwaka na kuahirisha masomo.

Utauliza: kama Novemba mzazi hana hela, kodi ya geto ya miezi sita ataitoa wapi? Ndiyo maana nimesema mwaka wa pili. Kodi ipangwe iangukie baada ya mavuno, Julai au Agosti, hela ya mahindi au kahawa ikiwa bado mkononi. Zungumzeni na mwenye nyumba mapema mkataba uanzie hapo, lipeni mwaka mzima kama mnaweza, na kuanzia hapo mtoto atabaki na kazi ya kutafuta chumvi na sabuni tu. Wapo wenye nyumba wanaopunguza kodi kwa anayelipa mwaka. Kuomba hakuna gharama.

Geto lina gharama yake ya muda, hilo nalo lisemwe. Kipindi cha saa moja asubuhi hakisubiri uji uive. Wekeni zamu ya kupika, na wiki ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula, mkubaliane kwamba mtakula kwa mama lishe bila kulaumiana. Mnapogombania nani aoshe sufuria, mnapoteza saa za kusoma.

Baridi, mvua, na jiko la mkaa

Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa karibu 1,600. Mtu wa Dar, Tanga au Mtwara akisoma namba hizi hazimwambii kitu mpaka Juni ifike. Kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi zina baridi kali, na ndiyo miezi ambayo mtihani wa muhula wa pili huwa umekaribia au unaendelea. Kabla ya hapo, tangu Novemba hadi Aprili au Mei, ni mvua.

Hosteli ya tofali iliyojaa watu hupata joto kidogo kwa wingi wa watu wenyewe, ingawa maji ya kuoga ni baridi kwa wote. Geto lina aina zake. Chumba kilichopauliwa bati bila dari ni friji mwezi wa saba, na mvua ikinyesha hutasikia hata simu. Ukikagua chumba wakati wa kiangazi hutayaona haya, kwa hiyo tazama dalili. Inua macho kwenye dari: mabaka ya rangi ya chai yanaonyesha bati linavuja. Shika ukuta wa nyuma chini, karibu na sakafu. Rangi iliyovimba na kubanduka inamaanisha maji yanapanda kutoka msingini, na nguo zako zitaota ukungu Februari. Fungua dirisha uone kama linafungika. Nenda chooni na bafuni, hata kama ni vya nje na unaona aibu, kwa sababu usiku wa mvua utaenda huko.

Halafu mtafute mama anayefua pale uani, usiridhike na maneno ya dalali. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu." "Asante. Naulizia kile chumba cha pembeni. Maji hapa yanatoka kila siku?" "Yanatoka, ila yakikatika tunachota kisimani bondeni, na mama mwenye nyumba hapendi watu wa kukesha na redio. Aliyehama alihama kwa hilo." Maongezi ya dakika moja, umejua maji, kisima, na kwa nini chumba kiko wazi.

Sasa sikiliza jambo ambalo nalisema kwa uzito wote. Usiingize jiko la mkaa ndani ya chumba cha kulala ili upate joto. Kila msimu wa baridi kuna wanaofanya hivyo, wanafunga dirisha, wanalala, na hawaamki. Mkaa unaowaka pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mwili unakosa hewa huku mtu akijisikia usingizi tu na kichwa kuuma. Jiko lililobaki makaa mekundu bila moshi ndilo linalodanganya, watu hudhani limeshakuwa salama. Kama unapikia mkaa, pikia nje, na jiko lilale nje. Mtungi wa gesi nao ukae karibu na dirisha, ufungwe kila baada ya kupika. Kwa baridi, nenda Mwanjelwa au Sido ukachague blanketi zito la mtumba na sweta mbili. Hapo ndipo wenyeji wenyewe wanaponunua.

Kuhusu umeme wa geto: wapangaji wengi wanashea mita moja ya LUKU. Wateja wa matumizi madogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, huuziwa uniti kwa bei ya chini. Nyumba yenye vyumba sita kwenye mita moja kwa kawaida haibaki kwenye kundi hilo, kwa hiyo mnanunua kwa bei ya juu hata kama wewe una taa moja na chaja. Tena tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, na anayenunua umeme ndiye anayekatwa, ingawa kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Muulize mapema mnaihesabuje. Ni hela ndogo kwa mwezi, lakini imegombanisha nyumba nyingi.

Kurudi usiku

Mbeya ni mji mrefu uliojipanga kandokando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma. Malori ya Zambia na Kongo, daladala, mabasi na bajaji vyote viko kwenye barabara hiyohiyo, na upanuzi wa kipande cha kilomita 29 kutoka Nsalaga hadi Ifisi kuwa njia nne ulianzishwa kwa sababu ya msongamano huo. Mwanafunzi wa MUST akipata chumba cha bei nafuu Uyole, anajikuta anaukata mji mzima kila asubuhi kwenda na kila jioni kurudi. Punguzo la kodi analila kwenye nauli, na saa zake mbili zinabaki Mafiati kwenye foleni. Kwa MUST tafuta Ikuti kwenyewe, Iyunga au Nzovwe. Kwa TEKU tafuta Block T na mitaa inayoizunguka. Bei kidogo ya juu kwa kukaa karibu ni nafuu ukiijumlisha na nauli.

Iringa ni kinyume. Mji uko juu ya kilima, mitaa imekaribiana, na sehemu nyingi unatembea kwa miguu. Kwa Chuo Kikuu cha Iringa, Kihesa na Semtema ndiko wanafunzi waliko. Kwa Mkwawa, mitaa inayokizunguka chuo. Ila usidanganywe na vyumba vya bei rahisi vya Ipogolo, huko chini bondeni. Kuna mlima wa kupanda kila siku au nauli ya kutoa kila siku.

Swali la kweli kuhusu umbali halihusu asubuhi. Linahusu saa nne za usiku. Maktaba na madarasa ya kujisomea hujaa jioni, na diskasheni nzuri, ile ambayo mtu aliyeelewa anaeleza mpaka wote mnaelewa, mara nyingi huanza saa mbili usiku. Mwanafunzi wa hosteli anatembea kidogo yuko kitandani. Wa geto la mbali anaanza kutazama saa tangu saa moja, anaondoka diskasheni ikiwa katikati, au anabaki na kukesha darasani kwa baridi akiogopa njia. Kwa binti hili linakuwa zito zaidi. Vichochoro vya mtaani havina taa, na kumtegemea kijana mmoja akusindikize kila usiku huleta madai ambayo hukuyakubali. Sioni sababu ya binti wa mwaka wa kwanza kukaa geto la mbali kama kuna kitanda chuoni, hata ikibidi mzazi akope kulipia.

Watu utakaoishi nao

Hosteli utapewa usiowajua. Wanne au sita chumbani, vitanda vya dabodeka, mmoja anapenda taa, mwingine hawezi kulala bila giza, na ukibahatika vibaya kuna anayebeba rafiki yake kila usiku, kitanda kimoja watu wawili. Kelele ni nyingi. Mtu anayehitaji ukimya ili asome atateseka, na anatakiwa ajipange kusomea maktaba kuanzia wiki ya kwanza.

Lakini hosteli ina kitu ambacho mwaka wa kwanza kina thamani kubwa kuliko ukimya: habari. Kipindi kimehamishwa, testi imesogezwa, leo ndiyo mwisho wa kusaini, mwalimu fulani anataka kazi iandikwe kwa mkono. Haya yanapita kwenye korido kabla hayajafika kwenye kundi la WhatsApp. Mwanafunzi mpya aliye peke yake mtaani huyapata yakiwa yamepitwa. Akiumwa usiku, hosteli kuna wa kumpeleka zahanati ya chuo. Mtaani anategemea jirani ambaye hajajua hata jina lake.

Geto lina uhuru, na uhuru huo ndio unaowavuta wengi kwa sababu zisizowasaidia. Nasema na wewe kama mdogo wangu: wanafunzi wanaoanza kuishi kinyumba mwaka wa kwanza, mmoja wao huacha kusoma ili mwingine ale na avae vizuri, na mara nyingi huyo ni binti. Kama unahamia geto, hamia na mwenzako wa jinsia yako mliyeshasoma naye, unayejua analala saa ngapi na analipa madeni yake vipi. Na ukiweza, chagua nyumba ambayo mwenye nyumba anaishi humohumo. Atakubana kidogo kuhusu wageni na geti, lakini chumba chako hakitavunjwa mchana, na ukiugua atagonga mlango kuuliza mbona hujatoka.

Kuna njia mbili nyingine za kutaja kwa kifupi. Hosteli binafsi za mtaani ni nzuri kwa aliyekosa chuoni na hataki kununua vyombo. Kagua choo, maji na geti kama ulivyokagua geto, na uulize kama utarudishiwa chochote ukihama katikati ya muhula. Nyingine ni kukaa kwa ndugu. Inaokoa hela nyingi, na chakula kipo. Ila kwa shangazi utaenda sokoni, utafua, utawapeleka watoto shule, na huwezi kusema nina testi kesho kila siku. Mzazi azungumze na mwenye nyumba hiyo kabla, kwa heshima, akiomba mtoto apewe saa zake za usiku na apeleke chochote cha kuchangia jikoni kila mwezi. Yakisemwa mwanzoni, watu huishi kwa amani miaka mitatu.

Kabla ya kutoa hela

Hosteli ya chuo cha serikali hulipiwa kwa kontroli namba inayotoka kwenye mfumo wa chuo. Anayekuambia umtumie yeye kwenye simu ili "akushikie kitanda" anakuibia. Geto nalo lina wezi wake: picha nzuri za chumba zinatumwa, unaambiwa kuna watu wengine watatu wanakitaka, tuma ya kushikilia. Usitume shilingi kwa chumba ambacho wewe au ndugu yako hajasimama ndani yake na kuonana na mwenye nyumba mwenyewe.

Mkataba uandikwe hata kama ni wa ukurasa mmoja wa daftari: majina yote mawili, kodi kwa mwezi, tarehe ya kuanza na kuisha, nani analipa maji na umeme na kwa hesabu gani, na taarifa ya kuhama ni ya muda gani. Piga picha mita ya LUKU, kitasa, kioo kilichopasuka, kila kilichoharibika kabla hujaingia. Ukiwa umeshalipa, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa ukajitambulishe. Ugomvi wa kodi ukitokea, kwake ndiko mtakakoanzia, na ni vizuri awe anakujua kama mwanafunzi aliyekuja mwenyewe kusalimia.

Wanaopaswa kufanya kinyume na ushauri wangu wa mwaka wa kwanza ni hawa. Mtu mzima aliyerudi shule akiwa na familia, hosteli itamchosha. Mwenye mtoto mdogo. Mwenye ugonjwa unaomlazimu kula chakula maalumu, kama kisukari au vidonda vya tumbo, ambaye kantini haitamfaa. Na mwenye kaka au dada wa mwaka wa tatu aliye geto la karibu na ana nafasi. Huyo aende moja kwa moja, vyombo vipo na habari za chuo anazo mwenyeji wake. Upande wa pili, wapo wa mwaka wa pili ambao wabaki hosteli: yule ambaye hawezi kujiamsha mwenyewe asubuhi, na yule ambaye mwenzake wa kupanga naye bado hajapatikana. Geto la peke yako kwa kodi nzima ni mzigo, na upweke wa usiku wa Julai si kitu kidogo.

Kama orodha ya hosteli imetoka na jina lako halimo, usikimbilie kulipa miezi sita mtaani. Fika siku chache kabla ya usajili, fikia kwa ndugu au gesti ya bei ya chini, na uende mwenyewe ofisi ya mshauri wa wanafunzi uandikishe kwamba unahitaji kitanda. Kila mwaka wapo waliopangiwa wasiofika, waliohamia vyuo vingine na walioahirisha, na vitanda vyao hufunguliwa baada ya usajili kufungwa. Wakati unasubiri, tafuta chumba cha mwenye nyumba anayekubali miezi mitatu, nunua godoro na ndoo tu, na uendelee kupita ofisini kila wiki kuulizia. Kitanda kikipatikana, hama miezi mitatu ikiisha, na godoro utalikuta likikufaa mwaka wa pili.